Sufuria za Mama Bado Ziko kwa Bosi

Wiki hii nimefungua barua tatu, mbili za Kigoma moja ya Tabora, na zote zinahusu kitu kimoja, mtu kaacha kazi vitu vyake vimebaki kule alikotoka. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu manake ina kila kitu ndani yake, hizo zingine mtanisamehe.

*

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27 naishi Mwanga hapa hapa Kigoma. Nimefanya kazi kwenye mgahawa mmoja karibu miaka miwili, nilianza kuosha vyombo baadae nikawa mpishi. Wakati naanza kupika bosi hakuwa na sufuria kubwa kwaiyo nikaleta mbili za mama yangu, ile ya kilo kumi na ya kilo tano, nikaleta na blenda yangu na kiti changu cha plastiki cha kukalia jikoni. Mwezi uliopita akanikata elfu 40 ya sahani zilizovunjika wakati sikuvunja mimi, tukabishana mbele ya wateja, nikavua aproni nikaiweka kaunta nikaondoka. Sasa nataka kuanza kupika wali na migebuka kule Kibirizi, nimeenda kuchukua sufuria bosi anasema huchukui kitu mpaka ulipe sahani zilizobaki na ulipe mwezi mzima wa notisi. Na cheti changu cha form four orijino anacho yeye kwenye droo tangu naanza kazi. Dogo wa jikoni ananiambia njoo usiku nikufungulie mlango wa nyuma ubebe vyako. Niende? Mama anaulizia sufuria kila siku kuna harusi ya binamu yangu inakuja.
Mpishi, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiende usiku. Hilo nalitanguliza ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umeshapata la maana.

Najua sufuria ni zako, na najua inauma kubembeleza kitu chako mwenyewe. Lakini fikiria, umeingia saa tano usiku kwa mlango wa nyuma, umebeba sufuria mbili na blenda, asubuhi bosi anasema kwenye droo kulikuwa na laki nne hazipo. Utamjibu nini? Utasema nilichukua sufuria tu? Na yule dogo aliyekufungulia ndo kazi hana tena, na pengine mnakaa wote benchi moja kituoni mnaandika maelezo. Kitu chako kinachukuliwa mchana, mlango wa mbele, watu wanaona.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, manake nyie wawili mmechanganya mambo matatu kwenye sufuria moja na ndo maana haliivi hata moja. Kuna vitu vyako, kuna sahani, kuna notisi. Kila kimoja kina njia yake.

Notisi nianze nayo kwa sababu hapo mwanangu umekosea na sitakuficha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, iwe ni mfanyakazi anaondoka au mwajiri anamwondoa, na inatakiwa iwe kwa maandishi. We hukutoa hata ya dakika mbili, uliweka aproni kaunta ukaondoka. Bosi ana haki ya kulisemea hilo, na sheria inamruhusu mwajiri kwa mtu aliyegoma kufanya kazi kipindi cha notisi kukata kwenye hela anazomdai kiasi ambacho angemlipa siku hizo. Ila nisikilize vizuri, inasema kwenye HELA unazomdai. Haijasema kwenye sufuria. Kama hana hela yako mkononi na anaona anakudai, afungue madai kama watu wengine, hawezi kujigeuzia duka la rehani akashika vyombo vya mama yako.

Sahani nazo zina utaratibu wake ambao mabosi wengi wa migahawa hawaujui, au wanaujua wanajifanya hawaujui. Mwajiri hakati mshahara kwa hasara kwa sababu tu amekasirika. Kwanza iwe ni wewe uliyesababisha hiyo hasara, kwa kosa lako, ukiwa kazini. Halafu akuandikie, sio akutamkie pale kaunta, akuandikie imetokeaje na ni shilingi ngapi na amepigaje hesabu. Halafu akupe nafasi ya kujitetea. Asizidishe bei ya hasara yenyewe, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Sasa kwenye mgahawa wenye wahudumu kadhaa na dogo anayeosha vyombo, sahani zimevunjika, mpishi ndo analipa? Ulivunja ukiwa unapakua au zilivunjika kwenye karo? Ungeuliza hayo kwa utaratibu badala ya kupiga kelele mbele ya wateja ungekuwa na nguvu sana sa hivi, lakini ndo hivyo yameshapita.

Haya, sufuria. Hapa nikupe kisa changu kidogo. Miaka ya nyuma niliacha kazi ya stoo sehemu fulani, kwa hasira hivyo hivyo kama zako, nikaacha chupa ya chai na kanga doti moja na kikombe. Nikajisemea sirudi pale hata kwa dawa. Baada ya miezi mitano nikapita na shughuli zangu nikaikuta chupa yangu mezani kwa mtu mwingine, kifuniko kimepasuka kimefungwa na raba ya baiskeli, yule mtu ananikaribisha chai kutoka kwenye chupa yangu mwenyewe. Nikanywa. Ningesema nini, sikuwa na risiti wala picha wala mtu wa kunishuhudia, na waliokuwepo wakati nanunua walishahama wote. Kwaiyo swali sio tu ni ya nani, swali ni utaonyeshaje.

Na we una bahati kwenye hili. Umesema sufuria ni za mama na ni za shughulini. Mama mtu mzima wa hapa Kigoma anayeazimisha sufuria kwenye misiba na harusi hawezi kukosa alama, la sivyo zingeshapotea zamani. Nenda kamuulize leo. Utakuta chini kwenye kitako kumechongwa herufi kwa msumari, au kuna rangi ya mafuta kwenye mkono, au kuna sehemu ilitoboka akampelekea fundi akaziba. Andika hayo yote kabla hujaenda, sio ukifika pale ndo uanze kugeuzageuza sufuria kutafuta. Ukisema kabla ya kuiona kwamba ya kilo kumi ina herufi mbili chini na mkono mmoja umelegea, halafu ikageuzwa zikaonekana, hapo hata mwenyekiti wa mtaa hana la kuuliza. Halafu ingia kwenye simu yako. Nyie vijana mnapiga picha kila kitu, lazima kuna siku uliweka pilau kwenye status, tafuta hiyo picha, angalia sufuria inaonekana vipi na tarehe ni ipi. Blenda kama uliilipia kwa simu meseji ya malipo inaweza kuwepo bado. Na uliokuwa unafanya nao kazi, yupo hata mmoja aliyekuona siku unazileta kwenye bajaji? Mwombe tu akubali kutaja jina lake ikibidi, usimlazimishe, naye anatafuta ugali pale pale.

Halafu mtumie bosi meseji. Meseji, usipige simu, simu inaishia kwenye matusi na haina ushahidi. Andika kistaarabu hata kama moyo unachemka, kitu kama hivi:

"Habari za kazi bosi. Naomba kuja kuchukua vitu vyangu nilivyoviacha jikoni, sufuria mbili (ya kilo kumi na ya kilo tano), blenda moja, kiti kimoja cha plastiki, pamoja na cheti changu cha kidato cha nne. Naomba nije Jumatano saa nne asubuhi. Kuhusu sahani na notisi niko tayari tukae tuzungumze siku yoyote utakayopanga. Nashukuru kwa kipindi nilichofanya kazi kwako."

Umeona hapo? Hujakubali deni na hujakataa kuzungumza, ila umetenganisha. Saa nne nimechagua kwa makusudi, wa chapati na supu wameshaondoka, wa mchana hawajafika, bosi hana wateja wa kujionyesha mbele yao. Mtu akiwa na watazamaji hakubali kushindwa hata kidogo, na we vile vile, si ndo kilichowaponza siku ile.

Usiende peke yako na usiende na marafiki zako watatu mkaonekana mmekuja vita. Nenda na mtu mzima mmoja, mama mkubwa au baba mdogo, mtu anayejua kusalimia na kukaa kimya. Bajaji ikusubiri nje barabarani. Orodha iwe kwenye karatasi, nakala mbili, kila mnachotoa mnaweka tiki, mwisho mnasaini wote na yule mtu mzima anasaini kama shahidi. Na kama una kitu chake, funguo za stoo, sare, kitambulisho, hata kile kisu kizuri ulichosahau kwenye mkoba, rudisha siku hiyo hiyo na kiandikwe. Siku hiyo usianze kudai sufuria imekuwa nyeusi au mfuniko umebonyea, imepikia miaka miwili kwenye moto na uliileta kwa hiari yako.

Sasa hapa ndo pa kufungua macho. Kuna mabosi wakikuona umekuja kwa utaratibu wanatoa karatasi iliyochapwa kabisa inasema mimi fulani nimepokea vitu vyangu na SINA MADAI MENGINE YOYOTE dhidi ya fulani. Unaona sufuria ziko mlangoni, bajaji inapiga honi, unasaini. Mwanangu hiyo saini imeondoka na siku zako ulizofanya kazi mwezi ule kabla hujaacha, na likizo uliyoistahili hukwenda, na ile elfu 40. Saini karatasi inayosema nimepokea vitu vifuatavyo, basi, vikahesabiwa. Akikulazimisha hiyo ingine mwambie naomba nikaisome nyumbani. Akikataa kukupa vitu kwa sababu ya hiyo, ondoka bila vitu, umepata shahidi wa kumuona anakataa na hiyo nayo ni mali.

Akikataa kabisa, au meseji hajibu, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ule ulipo mgahawa, sio wa kwenu. Peleka meseji na orodha na alama. Kwa nilivyoona mimi kesi za vyombo nyingi zinaishia hapo hapo ofisini kwa mwenyekiti, mwenye biashara hapendi kuitwa kwenye ofisi ya mtaa kwa ajili ya sufuria, majirani wanaongea. Polisi unaweza kwenda pia, lakini jiandae kuambiwa hayo ni madai nendeni mkaelewane au nendeni mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo ndo mahali pake kama itafika huko. Sidhani itafika.

Mambo ya mshahara na makato hayaendi kwa mwenyekiti, yanaenda CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unajaza fomu namba moja, unampa na bosi nakala, mnaitwa kwenye usuluhishi, hulipi kitu. Ila kuna siku. Madai ya namna yako ni ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na aliyefukuzwa akitaka kupinga kufukuzwa ana siku 30 tu. Umesema mwezi uliopita, kwaiyo hesabu vizuri usije ukapika wali Kibirizi mpaka siku zikaisha. Huko huko kama hajakupa hati ya utumishi, karatasi inayosema ulifanya kazi kwake kuanzia lini mpaka lini na kazi gani, mkumbushe, ni haki yako mkataba unapoisha hata kama mmeachana vibaya.

Cheti chako cha form four kisikusumbue kama kina ubishi wowote maana hakina. Kina jina lako. Mwajiri anatakiwa aone orijino na abaki na kopi, hata siku moja asikae na orijino kwenye droo, huko ndani kuna mende na mafuta ya kupikia. Wasichana wengi mnaacha vyeti kama dhamana kwa sababu siku ya kwanza mna njaa ya kazi na mnaona aibu kuuliza. Kwenye ile orodha yako kiweke namba moja, hata kabla ya sufuria. Mama atanuna, mwambie shangazi ndo kasema.

*

SWALI: Shangazi shikamoo, nilikuwa nauza duka la jumla Ujiji. Duka lilikuwa linapokea hela za wateja kwenye laini yangu iliyosajiliwa kwa NIDA yangu, sasa nimeacha kazi laini na simu viko kwa tajiri, simu ni yake laini ni yangu. Anasema laini ni ya duka kwa sababu wateja wote wanaijua. Nani mwenye haki?
Muuza duka, Ujiji

JIBU: Marahaba. Simu yake, laini yako, hela iliyomo yake. Mbona rahisi, ugumu ni kuvitoa kimoja kimoja bila kuumizana.

Laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Mtu akitapeliwa kesho kupitia namba hiyo, tajiri hajulikani, anayetafutwa ni wewe, na utakuwa unaeleza "nilikuwa nauza duka tu" kwa watu ambao wameshasikia hadithi nyingi kuliko hiyo. Kwaiyo hata kama unampenda tajiri wako kama baba usimwachie. Lakini pia usiende kimya kimya kufanya swapu ya laini wakati salio la duka limo ndani, ukiirudisha mkononi mwako na hela zake zimo umeshakuwa mwizi kabla hujala hata mia.

Kaeni wawili na shahidi, fungueni salio, atoe au ahamishe hela yake yote, piga skrinshoti ya sifuri, andikeni karatasi kwamba tarehe fulani salio limetoka lote na laini imerudi kwa mwenye usajili. Mpe wiki moja au mbili abandike ukutani namba mpya ya duka, na we ukipigiwa na mteja mwelekeze vizuri. Yeye mwenye duka la jumla Ujiji anashindwaje kuwa na lipa namba yake mwenyewe sijui. Akigoma kukaa, mtaarifu kwa meseji unaenda kuifunga tarehe fulani, halafu nenda na kitambulisho duka la mtandao husika uifunge. Na ukiwa huko piga *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, usishangae ukaikuta ya pili.

*

SWALI: Habari shangazi, mimi ni mtu mzima nina gereji Ipuli, Tabora. Kijana wangu aliacha kazi akaenda machimboni, akaacha sanduku la spana, begi la nguo na pikipiki mbovu. Miezi nane sasa, simu hapokei. Vinanibania nafasi na nimeshapata mteja wa pikipiki kama skrepa. Naruhusiwa kuuza?
Fundi, Ipuli

JIBU: Nzuri kaka yangu. Usiuze.

Nakuelewa, nafasi kwenye gereji ni hela. Ila mali haijawa yako kwa kukaa kwako, na anayenunua kwako ananunua kitu ambacho huna mamlaka ya kukiuza, siku kijana akirudi na kadi ya pikipiki mkononi mtatafutana nyie watatu. Na watu wa machimboni si unawajua, anaweza kukaa kimya mwaka halafu akashuka kituo cha mabasi na viatu vipya anauliza spana zangu ziko wapi.

Fungua sanduku mbele ya jirani na mjumbe, hesabuni, piga picha spana zimepangwa chini kwenye turubai ili zihesabike, andikeni. Begi lifungwe lilivyo baada ya kuhesabiwa. Mtumie meseji hiyo orodha na umpe muda, sema siku 30, aje au atume mtu, na kama kuna gharama ya kutunza mwambie mapema sio siku ya kuchukua. Halafu tafuta kwao. Kijana kafanya kazi kwako unajua kabisa anatoka wapi, na ukiuliza mafundi wenzake utapata namba ya mama yake kabla chai haijapoa. Ukishindwa kabisa peleka orodha kwa serikali ya mtaa wakuongoze, na wao waandike, isiwe uamuzi wako peke yako.

Spana zake msizitumie humo gereji wakati mnasubiri, hasa ile namba 14 najua imeshaanza kutembea, irudi kwenye sanduku.